Mtoto Aliyekwenda Mbarara Akitazama Nyuma

Ninyi vijana mtakaoishika kazi hii, kigeuzeni kiti cha mtoto cha garini kichwa chini kabla hamjamgusa mtoto. Msidanganywe na kitambaa kizuri wala tembo waliochorwa mgongoni. Tafuteni lebo. Mara nyingi imejificha ubavuni au chini ya kitako, na hapo ndipo kiti kinaposema kimetoka nchi gani, kinabeba mtoto wa uzito gani, na mtoto huyo atazame mbele au nyuma. Kama lebo imechunwa, kiti hicho hamkijui. Kirudisheni stoo.

Mimi ni Furaha, mzaliwa wa Uvira kule Kongo, lakini hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, wengi wananiita Mama Mikanda. Kwa miaka mingi nilisindikiza watoto wagonjwa kwa gari kutoka kambini kwenda hospitali Mbarara. Sikuanzia ndani ya gari. Niliajiriwa kufua vitambaa vya viti vya watoto, kwa kuwa nilikuwa fundi cherehani na walidhani mtu wa cherehani haogopi kamba na vifungo. Siku ya kwanza nilivua kitambaa cha kiti kimoja, nikashinda hapo nikijaribu kukirudisha, kamba moja imebaki mkononi mwangu haina pa kwenda. Nilikaribia kulia. Halafu nikaifuata kule ilikopita nyuma ya plastiki, kama unavyofuata uzi uliokatika kwenye mashine, mpaka nikaelewa kazi yake. Na kwa sababu mtaulizana: kamba hazilowekwi kwenye jiki. Zinatoka nyeupe na zinatoka dhaifu. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, anika kivulini, basi.

Viti vyetu vilikuwa vya msaada, vimechanganyika kutoka nchi mbalimbali. Kwa macho vinafanana kama watoto wa tumbo moja. Vya Amerika vinahesabu uzito kwa paundi, na vina kifungo kidogo cha kifuani kinachokaa usawa wa makwapa. Vya Ulaya vinahesabu kilo, au vinapima urefu wa mtoto, na kifuani havina kitu; mgeni wa kazi atakitafuta kile kifungo akidhani kimeibwa. Vya Australia vina mkanda wa ziada unaotoka juu na kwenda kushikwa nyuma ya kiti cha gari, na bila mkanda huo Waaustralia hawahesabu kwamba kiti kimefungwa.

Kulikuwa na mchungaji mmoja wa kanisa letu, mtu wa Fizi, aliyependa sana kiti kimoja cha Amerika kwa ajili ya binti yake. Alikuwa amesoma lebo mwenyewe akaona arobaini. Binti alikuwa na kilo thelathini, tena na miguu mirefu kama ya korongo. Nilimkuta amemkunja ndani, magoti yamegusa kidevu.

"Mama Mikanda, bado iko na fasi ya kilo kumi!" akaniambia kwa furaha.

"Pasta, ile arobaini si kilo. Ni paundi. Ni kama kilo kumi na nane."

Akamtazama binti yake. Binti akamtazama baba yake. "Njo maana hapumue muzuri," mchungaji akasema.

Tulicheka siku ile, na mchungaji mwenyewe aliwasimulia waumini Jumapili. Lakini jambo hili la nchi na nchi halichekeshi kila mara. Baba mmoja aliyepata safari ya kuhamia Australia na familia yake alitaka kununua kiti hapa, akibebe kwa ajili ya mtoto wake mdogo. Nilimkataza. Nikamweleza kwamba kule wanataka kiti chenye alama yao, na askari wa barabarani hatajali kwamba umekibeba kutoka Uganda kwa jasho lako. Akakasirika. "Kiti ni kiti, mama. Mutoto ni ule ule." Kweli, mtoto ni yule yule. Gari ndilo linalobadilika, na mkanda wa gari, na sheria. Yote matatu nilikuja kuyaona yakikutana siku moja mbele ya macho yangu, na ndiyo siku ninayotaka kuwasimulia.

Kwanza mumjue Afande. Dereva wetu aliitwa Tumwesigye, mtu wa Masha, mwanajeshi mstaafu, na hakuna aliyemwita kwa jina. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi. Baada ya jeshi alikuwa amewaendesha wauguzi wageni pale Mbarara, mume na mke wenye watoto wawili, na yule mke alimfundisha kufunga viti kwa ukali ambao Afande alisema hakuwahi kuuona hata kwa sajenti wake. Akanipokeza mimi ukali huo huo.

Somo lake la kwanza lilikuwa gunia. Alinikalisha kiti cha mbele, amenifunga mkanda, akanipakata kigunia cha maharagwe, uzito wa mtoto wa mwaka mmoja.

"Shika nguvu, nyabo. Hii ni mtoto yako."

Nikakikumbatia kwa mikono yote miwili. Tulikuwa kwenye kiwanja kitupu, gari linakwenda taratibu kama mtu anayetafuta mahali pa kuegesha. Akakanyaga breki ghafla. Kigunia kilinitoka kikagonga dashibodi, kikapasuka, na maharagwe tuliendelea kuyaokota chini ya viti majuma mengi baadaye.

"Uliachia kwa sababu haupendi mtoto?" akaniuliza.

"Hapana, Afande."

"Basi. Mkono ya mama hapana mkanda."

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha tangu alfajiri na barabara za kambi zimekuwa utelezi mtupu. Muuguzi wa zahanati akapiga simu: kuna mtoto wa kupelekwa Mbarara bila kuchelewa, na gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Tulipofika tulimkuta mama Mrundi kijana, Espérance, amekaa kwenye benchi na mwanawe mapajani. Mtoto aliitwa Divin, anakaribia miaka mitatu. Alizaliwa na maji kichwani. Walikuwa wamemwekea mpira mwembamba wa kuyateremsha maji hayo tumboni, na alikuwa akiendelea vizuri mpaka mpira ulipoziba. Sasa anatapika, analala bila kuamka vizuri, na macho yake yanateremka chini kama yanatafuta kitu sakafuni. Kichwa chake kilikuwa kikubwa na kizito, na shingo ilikuwa haijapata nguvu ya kukibeba.

Muuguzi alinivuta pembeni. "Daktari anayefanya upasuaji huu yupo Mbarara leo, lakini mchana anasafiri. Anamsubiri huyu mtoto. Mkichelewa, itabidi aende Kampala, na mimi sioni kama atafika."

Mtoto wa shingo ile hawezi kutazama mbele garini, vijana. Breki ikikanyagwa, mwili unashikwa na kamba na kichwa kinaruka peke yake. Lazima atazame nyuma, ili mgongo wa kiti uupokee uzito wa kichwa chote pamoja na shingo. Hilo nililijua. Nikauliza uzito wake. Muuguzi alikuwa amempima asubuhi ile: kilo kumi na tano.

Ndani ya gari tulikuwa na viti viwili. Cha kwanza kilikuwa cha Ulaya, kizuri, rahisi kufunga, lakini lebo yake ilisema kutazama nyuma mwisho kilo kumi na tatu. Cha pili kilikuwa cha Amerika, na chenyewe kilimpokea mtoto akitazama nyuma mpaka paundi arobaini. Kilo kumi na nane. Divin alienea humo.

Nikashukuru Mungu mapema mno.

Kiti cha Amerika kinakuja na ndoana mbili za kushika vyuma vilivyofichwa kwenye kiti cha gari. Gari letu la zamani halikuwa na vyuma hivyo. Basi tunatumia mkanda wa gari. Hapo ndipo nchi zinapogombana. Magari ya Amerika yana mikanda ambayo ukiivuta yote mpaka mwisho, inajifunga na kukaza saa zote. Kiti chao kimetengenezwa kwa kutegemea hilo. Gari letu lilitoka Japani, na mkanda wake ulishika kwa breki ya ghafla tu. Vinginevyo ulikuja na kurudi upendavyo. Ukifunga kiti cha Amerika kwa mkanda wa namna hiyo, kinaanza safari kikiwa kimekaza, na kila kona na kila shimo kinalegea kidogo. Kwenye barabara yetu, ukifika lami, kiti kiko huru kama kigoda.

Dawa yake ni kipande cha chuma, kidogo kuliko kiganja, chenye umbo la herufi H. Unapitisha mkanda humo karibu kabisa na ulimi unaoingia kwenye kifungio, na mkanda hauwezi tena kuteleza. Kipande hicho hukaa kimebanwa chini ya kiti. Nikakigeuza kiti. Mahali pake palikuwa patupu.

Nikapapasa tena. Nikatafuta chini ya viti vya gari, kwenye kisanduku cha mbele, kwenye buti. Afande akatafuta pia. Hakuna.

Espérance alikuwa amesimama mlangoni, shuka limemfunika mtoto. "Mama, twende," akasema. "Mimi nitamshika. Nimemshika tangu alipozaliwa."

"Subiri kidogo, dada."

"Kusubiri nini? Huyu mtoto anakufa!" Sauti yake ikapanda, watu wa foleni ya zahanati wakageuka. "Munahangaika na kiti, na mtoto anakufa! Mupeni mama yake amushike!"

Watu wakaanza kumuunga mkono. Mzee mmoja alisema wazungu wametuletea viti na sasa viti vimekuwa na thamani kuliko watu. Kwa kweli hata mimi nilisikia moyo ukinivuta upande wao. Ni nani anayeweza kumtazama mama machoni akamwambia mikono yake haitoshi?

Nikamwangalia Afande. Alitoa ufunguo kwenye swichi ya gari, akautia mfukoni mwa shati.

"Mama, sikia," akamwambia Espérance, pole pole, bila ukali. "Mimi nataka mtoto ifike. Kufika mzima. Kichwa yake iko nzito, shingo hapana nguvu. Ng'ombe moja ikikata barabara, mimi napiga breki, kichwa inakwenda. Mimi hapana wasa gari namna hiyo."

"Basi tumia kile kingine!"

"Kile ingine iko ya mtoto ndogo. Itavunjika."

Nilikumbuka stoo. Kulikuwa na kiti kingine cha kampuni ile ile, kimepasuka plastiki, kimewekwa kando kisubiri kuharibiwa. Kipande chake cha chuma lazima kilikuwa bado kimebanwa chini. Tukaendesha hadi stoo, Espérance na mtoto tumewaacha kwa muuguzi. Mlango ulikuwa na kufuli. Mtunza stoo alikuwa amekwenda msibani, upande wa pili wa kambi, na simu yake haikupatikana. Nikampigia mkuu wetu wa usafiri Mbarara. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Ndani ya stoo ile kulikuwa na dawa, mablanketi, maziwa ya watoto. Mfanyakazi mmoja alikuwa amefukuzwa hivi karibuni kwa kukutwa humo bila ruhusa, na mimi nilikuwa mkimbizi mwenye watoto wanne wanaokula kwa kazi ile. Nilisimama mbele ya mlango na mvua inanichuruzika shingoni.

"Afande, nipe spana ya magurudumu."

Akanitazama. "Nani atajibu?"

"Mimi."

Akaileta. Nikaingiza chuma kwenye kufuli nikavuta, haikukatika. Mikono ilikuwa inateleza. Afande akaweka mikono yake juu ya yangu, tukavuta pamoja, na pete ya kufuli ikang'oka na kipande cha mbao. Niliingia, nikakikuta kiti kilichopasuka nyuma ya mablanketi, nikakigeuza. Kipande cha chuma kilikuwepo. Sikuchukua kitu kingine. Afande aliegemeza jiwe kubwa mlangoni na kumwita mlinzi wa geti asimame hapo.

Tuliporudi, Divin alikuwa ametapika tena. Espérance alikuwa akimfuta mdomo kwa ncha ya shuka.

Nikafunga kiti. Hili lisikieni vizuri. Mkanda wa gari unapita kwenye njia ya kutazama nyuma, ambayo si ile ya kutazama mbele. Kila kiti kina njia mbili na zimechorwa rangi tofauti. Weka goti lako ndani ya kiti, kandamiza kwa uzito wako wote, vuta mkanda, bana chuma upana wa kidole kutoka kwenye ulimi, kisha fungua na ufunge tena uone kama umekaza. Kiti kimelala vya kutosha? Kikisimama sana, kichwa cha mtoto kinaangukia kifuani na pumzi inabanwa. Nilikunja taulo nikaliweka chini ya ukingo wa mbele mpaka kikalala sawasawa. Kisha nikashika kiti pale mkanda unapopita, nikakitikisa kwa nguvu. Gari lilitikisika pamoja nacho.

Espérance akaniletea mtoto amefungwa ndani ya blanketi nene.

"Toa blanketi, dada."

"Ana baridi!"

"Tutamfunika juu. Kamba zikipita juu ya blanketi, zinashika blanketi. Mtoto anabaki huru humo ndani."

Alisita. Halafu akamfunua, akanipa mtoto mikononi, na hapo ndipo nilipousikia uzito wa kile kichwa kwenye mkono wangu, cha moto na kizito kama jungu. Tukamfunga kamba za mabega, kwa sababu anatazama nyuma zikatokea chini kidogo ya mabega yake. Nikajaribu kufinya kamba kwa vidole viwili, haikukunjika. Kifungo cha kifua, usawa wa makwapa. Nikaweka vitambaa vilivyokunjwa huku na huku kwa nje ya kichwa kisiyumbe. Blanketi likaja juu. Espérance akakaa kando yake, akifunga mkanda wake mwenyewe bila kuambiwa, na akaweka kiganja kwenye shavu la mtoto. Kwa kuwa mtoto alitazama nyuma, walikuwa wanaonana uso kwa uso.

"Nenda, Afande," nikasema.

Barabara ya vumbi ilikuwa matope. Afande aliendesha ametoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, kama alivyofanya kila alipoogopa. Mara mbili gari lilikwenda ubavu. Espérance alikuwa anasali rozari kwa Kirundi, sauti ya chini isiyokatika. Tulipofika lami pale Kaberebere, Afande alisimamisha gari. Nikadhani kuna pancha.

"Tazama kiti," akasema.

Nikashuka kwenye mvua, nikafungua mlango wa nyuma, nikashika pale mkanda ulipopita. Ulikuwa umekaza kama tulivyouacha. Nikarudi mbele na tukaanza kukimbia.

Upande wa Masha, mashamba ya ndizi yanakuja mpaka ukingoni mwa lami. Huoni kitu mpaka kitoke. Ndama alitoka. Nyuma yake akatoka mama yake, ng'ombe wa pembe ndefu, na akasimama katikati ya barabara akitutazama.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka mkanda ulivyonikata begani, na matairi yakilia kwenye lami yenye maji, na pembe zikija upande wangu wa dirisha. Afande alikata usukani. Pembe zikapita. Gari likateleza likaingia kwenye mtaro wa pembeni, likainama na kusimama kwenye majani. Injini ikazima.

Sala ya rozari ilikuwa imekatika.

"Divin?" Espérance akasema. "Divin? Divin!"

Hakulia. Nilifungua mkanda wangu. Nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba kiti kitamlinda. Nilikuwa nimemtoa mikononi mwa mama yake mbele ya umati. Nikageuka, nikapiga magoti juu ya kiti kuangalia nyuma.

Kiti kilikuwa palepale. Kichwa cha Divin kilikuwa ndani ya ganda la kiti, katikati ya vitambaa, hakijasogea. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa anamtazama mama yake kwa namna ya mtoto aliyeamshwa bila sababu, na akakunja uso, na akaanza kulia kilio chembamba kama cha paka. Espérance alijishika mdomo kwa mikono yote miwili. Yeye mwenyewe alikuwa ametupwa mbele mpaka mkanda ukamkamata. Alama yake alitembea nayo shingoni kwa siku nyingi. Kama angekuwa amempakata... Hilo Espérance alilijua kabla yetu.

Afande alikuwa ameweka paji la uso kwenye usukani. "Wote mzima?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Wote wazima."

"Asante Mungu." Akainua kichwa. Kisha akafungua mlango na kuanza kuwagombeza wachunga ng'ombe waliotoka migombani kwa Kinyankore, na wao huku wanaomba radhi wakaweka mabega yao kwenye gari wakalisukuma mpaka likarudi barabarani. Gari halikuwa limegonga kitu. Milango ilifunguka vizuri, na nilikagua kiti na kamba zake sehemu kwa sehemu kabla hatujaondoka. Lingekuwa limegonga, kiti kile kingekuwa kimekwisha kazi yake, hata kama kwa macho ni kipya. Cha namna hiyo kinakatwa kamba ili mtu mwingine asikiokote.

Daktari tulimkuta koridoni amebeba mkoba wake. Akamwangalia mtoto macho, akaushusha mkoba ukutani, na akaita watu wake. Tulikaa nje kwenye saruji, Espérance katikati yetu. Wakati fulani alilala begani kwa Afande, mtu asiyemjua, na Afande hakusogea mpaka mlango ulipofunguliwa na muuguzi akatuambia mpira umebadilishwa, mtoto anapumua vizuri na ameshaomba maji.

Mkuu wetu wa usafiri aliniita kesho yake. Alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa na makali. Akaniuliza nani alinipa ruhusa ya kuvunja. Nikasema hakuna. Afande, ambaye hakuitwa, alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Bosi, na mimi nilishika spana."

"Sijakuuliza wewe."

"Ndiyo, bosi. Mimi nasema tu."

Niliondolewa kwenye gari, nikarudishwa kufua vitambaa. Iliniuma. Kila gari lilipoondoka na msindikizaji mwingine nilitoka mpaka getini nikasimama kama mtu aliyesahau kitu. Baadaye mkuu mwenyewe alikuja mahali pa kufulia, akasimama muda akitazama kamba nilizozianika, akasema ufunguo mmoja wa stoo sasa utakaa kwa wasindikizaji, na kwamba Jumatatu nipande gari.

Divin alipaswa kurudi Mbarara kwa daktari mara kwa mara, na nilimpeleka mimi. Kila safari nilimfunga akitazama nyuma, na daktari alisema abaki hivyo kwa kadiri kiti kinavyoruhusu. Alikua akiijua barabara ile kwa vitu vinavyoondoka: maduka ya Kaberebere yanayokimbia, ng'ombe wa Masha wanaopungua, mama yake peke yake ndiye asiyekwenda popote. Espérance ndiye aliyekuwa akibana chuma sasa, goti ndani ya kiti, na alinisukuma kando nikijaribu kumsaidia. "Ondoka, mama, unakaza kama mtu anayefunga mboga."

Shingo ikapata nguvu. Mtoto akaanza kukaa, akaanza kutembea kwa kushika ukuta. Na alikula. Siku moja mzani wa zahanati ulipita kilo kumi na nane, na nilijua paundi zake arobaini za kutazama nyuma zimekwisha; akitazama mbele, kiti kile kilibeba zaidi. Daktari alimpapasa shingo, akamwambia ageuke huku na huku, akamwinua na kumshusha. "Mgeuzeni," akasema.

Nyuma ya kiti cha gari letu kulikuwa na tundu la skurubu tangu Japani, limefunikwa kofia ya plastiki ambayo hakuna aliyewahi kuifungua. Fundi mmoja wa Mbarara alifunga humo bolti na pete yake, nikapata pa kushikia mkanda wa juu, maana mtoto anayetazama mbele anauhitaji ili kichwa kisiende mbali. Nikahamisha mkanda wa gari kwenye njia ya pili. Nikapandisha kamba za mabega, sasa zitokee juu ya mabega. Espérance akamweka, akafunga, akafinya kamba. Haikukunjika.

Tukatoka Mbarara mchana wa jua. Divin aliona kisogo cha Afande kwa mara ya kwanza akakitazama sana. Halafu akainua macho akaona kioo cha mbele, na barabara, na lori la matoke likitujia, na mti, na mwanamke na baiskeli, vyote vikikua. Akashika kamba zake kwa mikono yote miwili. Mdomo ukabaki wazi. Nikadhani atalia.

"Mama!" akapaza sauti. "Vitu vinakuja!"

Afande akacheka mpaka ikabidi apunguze mwendo. Espérance alikuwa amegeukia dirishani, analia bila sauti, na mtoto akaendelea kutangaza kila kitu, kimoja kimoja, njia nzima mpaka Nakivale: ng'ombe anakuja, nyumba inakuja, mtu anakuja.